Kofia Yenye Matundu na Siku Kumi za Kujibu

Mtoni, Alhamisi, saa kumi alasiri

Mwanangu Rukia,

Umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke kwake bila kula mara mbili, kwa hiyo nina muda. Baba yako nimemtuma akaulizie tena saa ya basi, ingawa ameshaulizia mara mbili. Nimekaa kwenye mkeka wa kushonea, nimegeuza sinia liwe meza, na naandika kwa kalamu yako ya bluu ambayo kesho utaitafuta usiione.

Barua ina taratibu zake, nilizisoma kwenye darasa la watu wazima. Kwanza salamu, kisha hali, kisha madhumuni. Leo sina subira hiyo. Nina hasira tangu juzi, na nisipoiandika nitakusindikiza nayo mpaka kituoni nikuharibie safari. Mambo ya sweta la baridi ya Arusha, ya kuchemsha maji, ya kutoazimana nguo na wenzako wa chumbani, hayo sisemi. Una akili zako, na mengine shangazi yako anakueleza saa hii kati ya sahani na sahani. Mimi nataka kuandika juu ya ile kofia.

Najua umeshakunja uso. Mwaka mzima hatujaitaja humu ndani, mimi na wewe, tumeipitia pembeni. Basi leo naitaja. Nitaanza mbali, kana kwamba hukuwapo, maana upande wangu hujawahi kuusikia.

Ulipomaliza kidato cha nne baba yako alikuwa ameshapunguzwa kiwandani. Wewe unakumbuka bahasha aliyokuja nayo. Mimi nakumbuka kwamba alikuja mchana, saa ambayo sikuwahi kumwona nyumbani siku ya kazi, akasimama uani hajui akae wapi. Tukabaki na sindano yangu. Na sindano yenyewe ilikuwa imeshaanza kudharauliwa, kwa sababu tangu biashara iwe ruksa, Kariakoo ilijaa kofia za mashine kutoka nje, zimefungwa kwenye nailoni kumi kumi, zote sura moja. Kofia yangu moja ni miezi mitatu. Unalijua hilo, ulilala usingizi wa utotoni kwenye mkeka huuhuu huku mimi nazungushia uzi tundu moja baada ya jingine, kwa sababu kofia ya mkono ni matundu, mwanangu, matundu madogo mamia kwa mamia yaliyofunguliwa kwa sindano na kushikwa kwa uzi ili kichwa kipate hewa. Mwanamume wa kwetu akija kununua, kabla ya kuuliza bei huinyanyua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Akiona mwanga umepita sawasawa, anaingiza mkono mfukoni. Na wafanyabiashara waliobaki walitaka mali kauli, yaani uwape kofia kwa mdomo tu, wakiuza ndiyo walipe, na kumpata mtu wa mali kauli baada ya kuuza ni kazi kuliko kushona.

Ndipo Frenki akaja. Wewe ulikuwa umeshapata kazi ya kupiga chapa kwenye duka lake la Buguruni, lile la fotokopi na barua za maombi, lenye kompyuta moja iliyofungwa kwenye waya wa simu. Alikuja na kamera shingoni na viatu vilivyong'arishwa, kijana wa Moshi mwenye adabu zake. Nilimpenda, nisikufiche, ingawa baadaye nilimsema vibaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Mama, hizi kofia zenu huko nje watu wanazitafuta. Sie tunapiga picha, tunaiweka kwenye mtandao, mtu yupo kwao huko anaiona, anailipia, ndiyo nyie mnatuma mzigo kwa posta. Analipa kwanza, mama. Hakuna mali kauli."

"Anamlipa nani?"

"Kuna kampuni ya malipo, ipo humohumo kwenye mtandao. Hela inapita kwao, wao wanaiingiza kwenye akaunti ya braza wangu aliyeko Marekani. Yeye ndiye anatutumia."

"Kwa nini isiwe akaunti ya Rukia? Au yangu?"

Akacheka kidogo, akajikuna kidevu. "Huku kwetu hawafungui, mama. Wanasema bado."

Bado! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Kofia yangu haikuambiwa bado. Kofia iliruhusiwa kupanda ndege ikafika, jina langu ndilo lililokuwa bado. Lakini nilikuwa na njaa ya kuuza, nikalimeza. Nikajieleza moyoni kwamba kampuni hiyo ni kama mshenga: inabeba cha upande huu ikapeleka upande ule, na kukitokea neno itakaa katikati isikilize pande zote mbili. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu mshenga unamjua kwao, unaweza kwenda kumgongea mlango.

Tuliingia wanne. Mimi, Bi Tatu, na wale dada wawili wa nyumba ya nyuma. Wewe ukaandika maelezo ya Kiingereza chini ya kila picha, ukaniuliza, "Mama, niandike nini juu ya matundu?" Nikakwambia, "Uandike nini? Si wanayaona?" Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Maneno hayo ni yangu, wala usije ukayabeba wewe hata siku moja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kofia ya kwanza ilikwenda, hela ikaja. Ya pili ikaja. Baba yako akaanza kutembea tena kama mtu mwenye pa kwenda. Bi Tatu, ambaye alikuwa na kiwanja chake Chanika na kuta za tofali za udongo zimesimama bila paa, akasema hela zake zisije kidogokidogo, zikae kwenye akaunti ya huyo kaka yake Frenki mpaka zitoshe mabati. Wale dada nao wakasema vivyo hivyo. Bi Tatu alitaka mabati kabla ya masika. Kila siku akija hapa kushona alikuwa anapanga: chumba hiki changu, hiki cha wajukuu, hapa nitaweka jiko. Kwa jinsi alivyokuwa akisema, mimi mwenyewe niliijua nyumba ile chumba kwa chumba bila kuifikia.

Halafu siku ile ukaingia mbio, hata viatu hukuvua. Ulikuwa na karatasi uliyoichapa dukani. Nilikuwa hapahapa nilipokaa sasa.

"Mama, yule mteja wa kofia yako nyeupe kalalamika. Anasema imetoboka kila mahali. Anasema imeliwa na wadudu."

Mungu anisamehe, kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka uzi ukanitoka mkononi. Mtu mzima ananunua wavu, anashtaki kwamba unavuja maji! Kisha kicheko kikakauka, maana ulikuwa hucheki.

"Amedai hela yake kwenye kampuni," ukasema. "Kampuni wameshaishikilia. Wanasema tueleze upande wetu, wametoa siku kumi. Mama, mie nimeshaanza kuandika. Frenki anakuja na kamera kesho, wewe unaishika kofia nyingine juani, ule mwanga unapita, wanaona kuwa ndivyo ilivyo. Hata nusu saa haichukui."

"Nani anasema nieleze?"

"Kampuni, mama."

"Ana jina mtu huyo? Ameniamkia?"

"Mama, ni kompyuta, haiamkii."

"Basi na mimi siijibu."

Ukakaa chini. Ukaanza tena polepole kama unamweleza mgonjwa, na huo upole wako ndio uliozidi kunipandisha. Nikakwambia maneno ambayo nayaandika hapa yalivyokuwa, ili niyaone kwa macho yangu: "Mie sisimamishwi juani nipigwe picha kama mwizi wa kuku. Mwenye shutuma na kofia yangu anajua ilikotoka. Na wewe ukithubutu kuandika hata mstari mmoja, ujue umeniuza." Baba yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Mwache mtoto ajibu, kwani jibu linagharimu nini?" Nikamwambia yeye ashone basi.

Ukatii. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, ulijua ninakosea, ukatii.

Sasa nikwambie kiburi hicho nilikitoa wapi, maana hakikuota tu. Marehemu bibi yako, aliyenifundisha sindano mimi na Bi Tatu siku moja na kwenye mkeka mmoja, aliwahi kurudishiwa kofia. Nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo. Mfanyabiashara mmoja mnene alikuja nayo, akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa maji, wakaulizana habari za watoto na za afya, hata maji yakaisha, ndipo akasema kwamba kofia imekwenda upande. Bibi yako hakusema neno. Aliivuta kofia, akachukua mkasi, akaanza kuifumua mbele yake, mstari kwa mstari, kazi ya miezi. Yule bwana mara ya kwanza alitazama, mara ya pili akageuza uso, mara ya tatu akamshika mkono akimwomba aache. Alilipa ile na akaagiza nyingine. Nilikua nikiamini kwamba fundi wa kweli akishutumiwa hafungui mdomo. Nilikaa siku kumi nikingoja kimya changu kimfanye mtu fulani ageuze uso.

Lakini yule bwana alikuwa amekaa pale, Rukia! Aliona mkasi. Aliona mstari kwa mstari unavyofumuka. Mimi nilinyamaza kwa nani? Nilimnyamazia nani, mtu ambaye hata hajui kama nina mdomo? Huko kwenye hiyo kampuni, asiyejibu amekiri. Siku ya kumi na moja wakampa yule mteja hela yake yote. Na kofia akabaki nayo! Hakuambiwa airudishe. Mahali fulani duniani kuna bwana anavaa miezi mitatu ya macho yangu, bure, na pengine siku za joto anajisikia vizuri kwa sababu ya hayohayo matundu. Nikifikiria hilo nikiwa napika, chakula kinaungua.

Wala haikuishia hapo. Frenki alikuja siku iliyofuata, viatu havikung'aa. Akasema kampuni wameona akaunti ya kaka yake inapokea hela za watu wengine, na ameshtakiwa hakujibu, basi wameifunga waichunguze. Kila kilichomo kimebaki ndani. Miezi sita.

"Na hela za Bi Tatu?" nikauliza.

"Zimo humo mama. Zote."

Nilimwita mwizi. Mbele ya majirani. Kijana wa watu hakuiba hata senti, na baadaye akaunti ya kaka yake ilipofunguliwa alizileta zote mkononi, za kila mtu, lakini wakati huo masika yalikuwa yameshapita. Tofali za udongo bila paa hazisubiri miezi sita. Ule ukuta wa mbele wa Chanika ulilala katika mvua ya wiki ya pili, na wa pembeni ukaufuata. Bi Tatu alikwenda kuangalia, akarudi na udongo kwenye pindo la khanga, akakaa akatunga uzi kwenye sindano.

Na sasa nimefika pale ninapopakimbia.

Unaijua siku yenyewe. Wanawake walikaa hapa barazani kwetu, na Frenki ameshaeleza yote ya kampuni na siku zake kumi. Bi Tatu akauliza bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo waliuliza. Waliuliza, watu wakanyamaza. Nani aliyenyamaza?" Frenki akanitazama mimi. Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la chai, hilihili ninaloandikia. Wote walikuwa wananitazama, na mimi, mama yako, mwenye mdomo unaosikika mpaka barabara ya Kilwa, nikasema, "Rukia ndiye mwenye Kiingereza. Muulizeni yeye."

Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi. Sikudanganya, unaona ujanja wake? Kiingereza ni chako kweli. Lakini kila aliyekuwa pale alielewa kwamba mtoto aliachiwa kazi akazembea. Na wewe ulinitazama. Nilingoja useme, na naapa nusu yangu ilikuwa inakuomba useme. Ukaweka sinia chini taratibu, hata vikombe havikugongana, ukasema, "Nisameheni, mama zangu." Ukarudi ndani.

Niliwatia chai. Huyo ndiye mimi. Nilikaa nikawatia chai.

Nimemkasirikia yule mteja mwaka mzima. Nimeikasirikia kampuni, nimemkasirikia Frenki, nimeukasirikia hata ule waya wa simu. Kote huko nilikuwa nakwepa kukaa na mtu mmoja tu, na huyo nalala naye na kuamka naye. Kampuni ilinipokonya hela bila kunijua. Mimi nilikupokonya jina lako, na nilikuwa nakujua tangu hujaota meno.

Halafu nikakuangalia ukilipia kosa langu. Hukurudi tena kwenye mkeka wetu. Uliendelea na kazi ya Frenki, ukawa unapita hapa barazani asubuhi na jioni, na kila ukipita uliwaamkia: "Shikamooni mama zangu." Wale dada waliitikia nusunusu. Bi Tatu hakukuitikia. Mwanamke aliyekubeba mgongoni nilipolazwa, aliyekuwa wa kwanza kukuita jina lako hili, hakukupa marahaba hata moja kwa mwaka mzima. Nawe hukuacha kumwamkia. Ulianza kuinamisha kichwa tu. Kila siku mara mbili niliisikia shikamoo yako inatoka na hairudi na kitu, na mimi nimekaa katikati na sindano mdomoni, najifanya natafuta uzi.

Ulipopata barua ya kazi ya Arusha, kwenye hilo duka la vikapu na vinyago, baba yako alifurahi akawaambia watu wote mtaani. Mimi nilijua unaondoka kwa nini. Na nilipouliza kazi yenyewe ni ipi, ukasema, "Ni kujibu wateja wa nje, mama, wanaoandika kwenye kompyuta." Ukasema hivyo bila kejeli hata kidogo, nikaondoka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Basi juzi. Nilikuwa nakunja khanga zako kwenye sanduku, nikakuta karatasi chini kabisa, imekunjwa mara nne. Nikaona tarehe. Nikajua ndiyo lile jibu ambalo sikutaka liende. Nilikataza barua isitumwe, na sikuwahi hata kuuliza imeandikwa nini! Jana nilipokwambia nakwenda kununua uzi, nilikwenda Buguruni kwa Frenki. Nilimwomba radhi kwanza, mbele ya wateja wake, kwa sauti ileile niliyomwitia mwizi. Akasema, "Yameisha mama, kaa." Nikampa karatasi anisomee kwa Kiswahili. Alisoma polepole, anasimama kila mstari, na mimi nikaishika kichwani kama aya.

Ulianza kwa salamu, mwanangu! Mimi nilisusa kwa sababu hawajaniamkia, na wewe ulikuwa umewaamkia kwa niaba yangu. Kisha uliandika kwamba kofia haikuliwa na mdudu. Kwamba matundu hayo ameyafungua mama yako, moja moja, akiwa amekaa mlangoni kwa sababu ndani mwanga hautoshi. Kwamba akimaliza kazi ya siku hufumba macho kwa muda kabla ya kuweza kuwaona vizuri watoto wake. Sikujua kama uliwahi kuliona hilo. Uliandika kwamba mteja akiivaa upepo utapita, na akiinyanyua kwenye mwanga ataona maua. Na mwisho: kama hukuipenda irudishe, nasi tutakurudishia hela yako, lakini tafadhali usiseme imeharibika, kwa sababu aliyeitengeneza ni mtu.

Frenki alinipa kitambaa cha kufutia kompyuta, nikajifutia uso. Nilimuuliza kama jibu hilo lingetusaidia. Alikuwa mkweli. "Sijui mama. Ishu za hawa jamaa mara nyingi wanampaga haki mnunuzi. Lakini akaunti isingefungwa kirahisi vile." Kwa hiyo huenda ukuta wa Chanika ungesimama, na huenda ungeanguka tu. Sitajua kamwe, na hilo nalo linanikera. Nilichojua nikiwa kwenye kile kiti ni kwamba mtoto wangu alikuwa amenisimamia kwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusemewa, nami nikamziba mdomo, kisha nikamtupia watu.

Sitaki ujifunze kwangu kunyamaza, wala sitaki ujifunze kufoka. Nimeyafanya yote mawili na yote yalikuwa uvivu wa aina moja. Huko unakokwenda utaandikiwa na watu watakaokuita tapeli kwa sababu kikapu kinanuka majani. Utakasirika, na utakuwa na haki. Kasirika. Halafu andika kama ulivyoandika ile karatasi, wala usimwachie mtu yeyote akuzuie, hata kama mtu huyo amekuzaa. Nakuomba zaidi ya hapo jambo moja tu: siku nyingine ukitupiwa kosa lisilo lako, usiombe radhi. Weka sinia chini ukisema kweli, vikombe vigongane.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Tatu. Wale dada walikuwapo, ni siku yao ya kushona kwake. Sikukaa. Nilisimama mlangoni pale jua linapopiga, nikawaeleza yote: karatasi ya siku kumi, kamera ya Frenki, baba yako aliyesema niache ujibu, na maneno yangu sita. Nikawaambia huyu mtoto hakuzembea, nilimkataza mimi, na siku ile mlipouliza alinificha aibu yangu nami nikamwacha aivae. Mmoja wa wale dada akaguna akaanza kunitetea, "Yameshapita hayo mwenzangu." Nikamwambia hayajapita, yanapita hapa barazani kila siku asubuhi na jioni.

Bi Tatu hakuinua uso. Alishona mpaka uzi ukaisha, akaukata kwa meno. Nilingoja anifukuze, na kusema kweli ningeona nafuu.

"Kwa hiyo mwaka mzima," akasema, "nimemnyima mtoto marahaba yake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu unasikia."

"Ndiyo."

Akaweka kofia chini. Alinitazama, Rukia, na sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda. "Ukuta utajengwa," akasema. "Nishaanza kununua tofali. Lakini hili wewe, mie na wewe, tutalizungumza mpaka tuzeeke." Kisha akatunga uzi mwingine. Nilipokuwa nageuka akaniita. "Basi lake linaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia. Akasema nisikwambie kitu, yeye atasema mwenyewe. Unaona sikuweza kutii hata hilo, lakini nimekaa kimya mara nyingi mno mahali pasipofaa.

Karatasi yako nimeirudisha sandukuni, juu ya khanga safari hii, na barua hii nimeilaza pamoja nayo. Najua utafungua sanduku kabla ya kulala kuhakikisha vyeti vyako, kwa hiyo utakuwa umesoma kabla ya kesho. Ukimaliza kusoma usije chumbani kwangu kunifariji. Sistahili na nitalia nimwamshe baba yako.

Kesho kituoni utamwona Bi Tatu amesimama mbali kidogo na watu, amevaa buibui lake la safari, naye hajui aanzeje. Nenda wewe. Usiiname. Mwamkie kichwa juu, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukimwamkia ulipokuwa mdogo.

Atakuitikia.

Mama yako,
Mwanahamisi